Kumhesabu Daktari Nafula

Ninyi mnaofanya kazi hii leo mnabonyeza kitufe, na jina la mtaalamu linajitokeza na tarakimu zake kando, kama bei iliyobandikwa kwenye ndoo mpya. Siwaonei wivu. Basi, nawaonea kidogo, hasa macho yenu. Nilipoaga kazi mwezi uliopita, Eunice wa dawati la marejeo aliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukihesabu zamani, wakati hesabu hiyo ilifanywa kwa rula, lenzi na shingo iliyopinda. Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea nawaachia wanaotunza faili yangu. Nitaandika juu ya kazi, na zaidi juu ya kazi moja ambayo hadi leo sijaisahau.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika maktaba ya chuo kimoja cha mjini Nairobi. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, nikiwa nimepiga pasi blauzi kana kwamba vitabu vitanikagua. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mbuthia, mkuu wa sehemu ya marejeo, mtu mrefu mwenye sweta la kijani lisilojua msimu. Hakunionyesha choo wala mahali pa kutundika koti. Alinishushia mezani juzuu nene, karatasi zake nyembamba kama za Biblia, maandishi yake madogo kama sisimizi waliotawanywa na maji.

“Soma, Mama Sharon,” akasema, akiniita kwa jina la binti yangu.

“Nisome wapi, Mzee?”

“Popote. Ukishindwa utaniambia.”

Nilishindwa papo hapo, ila nilichelewa kumwambia. Kitabu kile kilikuwa faharasa ya marejeo. Ndani yake, chini ya jina la kila mwandishi, walipangwa watu wote waliomtaja katika makala zao mwaka ule, nchi yoyote waliyokuwa. Mzee Mbuthia alinieleza kwa maneno machache ambayo sikupata bora kuliko hayo katika kozi zote nilizopelekwa baadaye. “Katalogi,” alisema, “inakuambia nani aliandika. Hii inakuambia nani alisikia.”

Alinifundisha kuweka rula chini ya mstari, maana jicho likichoka huruka na kumpa mtu sifa za jirani yake. Alinifundisha kuandika kila kutajwa kwenye kadi yake, kwa penseli, kwa kuwa wino una kiburi. Kisha, kila kadi ilipaswa kufuatwa hadi kwenye jarida lenyewe, likiwapo, ili kuona kama kweli mtu ametajwa au mpiga chapa alisinzia. Juzuu za miaka mingine hatukuwa nazo. Ilibidi kuvuka mji hadi maktaba nyingine, na huko niliketi na lenzi yangu kama fundi wa saa. Lenzi hiyo niliishoneshea mfuko wa ngozi katika soko la Kariokor. Fundi aliacha ndala za tairi alizokuwa akikata, akaiangalia, akaniuliza napima madini gani. Nikamwambia napima majina ya watu. Alinishonea upesi na hakuniuliza tena kitu.

Majina ndiyo yaliyonifundisha kuogopa. Vitabu vile vilitengenezwa na watu ambao kwao jina la mwisho ndilo la ukoo, basi. Sisi tuna majina kama nguo: la nyumbani, la kanisani, la shuleni, la kwa mume. Nilimjua mhadhiri mmoja ambaye nusu ya kazi zake zilikuwa chini ya jina lake la ubatizo, kwa sababu maisha yake yote alijiandika vile mwalimu wa darasa la kwanza alivyomwita kwenye rejista. Mwanamke akiolewa na kubadilisha jina, makala zake za usichana zilibaki kwao. Na kumtafuta Kamau J. ilikuwa kama kusimama katikati ya soko la Gikomba ukaita, “Mama!” Wangegeuka wote.

Ndivyo nilivyokuwa nimezoea, nikihesabu wataalamu wa udongo na wa sheria bila wasiwasi, hadi alipokuja Daktari Nafula.

Daktari Rispah Nafula alikuwa mwanasaikolojia wa chuo chetu, mama mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye alivua viatu kabla ya kumsikiliza mtu. Alisema viatu humkumbusha mtu kuondoka. Alifanya utafiti wake katika mtaa wa Baba Dogo, kule kwenye viwanda na nyumba za wafanyakazi. Mwanzoni aliwauliza wanawake wa viwandani kama wana huzuni. Wakamwambia hapana, Mungu ni mwema. Akawauliza habari za ugonjwa wa akili, wakafunga vibeti vyao na kusimama. Siku moja, kwa kuchoka tu, akamuuliza mama mmoja, “Una mawazo?” Yule mama aliongea mpaka chai ikapoa.

Anayetoka kwingine huenda asielewe. Kwetu Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, mawazo si kufikiri tu. Mawazo ni kitu kinachokuja kukaa nawe. “Yule ana mawazo,” tunasema, na kila aliyepo anashusha sauti. Kutokana na neno hilo Daktari Nafula alitunga hojaji nzima, akaandika ripoti, na akakiomba chuo kikodi chumba kimoja nyuma ya kanisa huko Baba Dogo, ambamo mtu mwenye mawazo angeweza kuingia akasikilizwa.

Mume wangu Zakayo aliingia humo kila Jumatano. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha plastiki hatua chache kutoka pale. Mashine ilimchukua mwenzake mkono, na Zakayo alikuwa amesimama karibu vya kutosha kuzima swichi, na mbali vya kutosha kuchelewa. Baada ya hapo kifuniko cha sufuria kikianguka alikuwa nje ya nyumba kabla hakijatulia. Aliacha kula nasi. Aliacha kuniuliza habari za kazini. Kile chumba kilikuwa kimeanza kumrudisha, polepole, kama stima ya mtaani baada ya kupotea: taa moja inawaka, inazima, inawaka tena.

Kisha chuo kikaunda kamati ya kupunguza matumizi. Kamati ikaamua kwamba kila mtafiti mwenye chumba, gari au msaidizi aonyeshe kazi yake inatajwa na wataalamu wengine. Isiyotajwa haingekuwa na sababu ya kuendelea kulipiwa. Hesabu ilitakiwa kabla ya muhula kufungwa, na maktaba ndiyo ingehesabu. Mzee Mbuthia alinipa jina la Daktari Nafula juu ya karatasi ndogo.

“Mzee, mpe mtu mwingine,” nikamwambia. “Baba Sharon anaenda pale. Na Daktari ni mtu wa kwetu, magharibi. Watasema nimempikia hesabu.”

“Nimpe nani? Wambui ana dada yake pale. Otieno wa getini anaenda mwenyewe na anamwambia kila anayeingia. Nikitaka mtu wa Eastlands asiye na mtu wake katika kile chumba, itabidi niagize kutoka ng'ambo.”

“Na kamati?”

“Kamati nitaiambia mimi leo. Wewe usihesabu kwa roho, Mama Sharon. Hesabu kwa rula.”

Aliwaambia kweli, nao wakakubali, mradi kadi zote ziletwe mbele yao. Nilidhani hilo lingenituliza. Sikulala vizuri tangu siku ile.

Nilianza na jina lake kama alivyolitia kwenye makala zake: Nafula, R. Kulikuwa na safu nzima, nikashukuru Mungu kwa sauti, hata msomaji wa meza ya jirani akageuka. Shukrani hiyo haikumaliza asubuhi. Kwetu, msichana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Nafula, na mvua haimnyeshei mtu mmoja. Nafula R. wa kwenye safu alikuwa mtaalamu wa kupe. Kila mtu duniani aliyekuwa na ng'ombe mgonjwa alikuwa amemtaja.

Hakuna mtu katika kamati ambaye angefungua majarida ya mifugo. Nililijua hilo, na najua mnajua kwa nini nalitaja. Nilimwondoa yule Nafula wa kupe kadi kwa kadi, na kila kadi niliyoiweka kando niliona kama napunguza Jumatano moja.

Nilijaribu jina lake la ubatizo. Nilijaribu la mumewe, ambalo alilitumia kidogo kabla hawajaachana. Nilivuka mji kusoma juzuu za miaka ambayo hatukuwa nayo. Mwishowe nikampelekea Mzee Mbuthia fungu langu, naye akalipepea kwa kidole gumba.

“Hizi ndizo zote?”

“Ndizo zote, Mzee.”

“Hata za kucheza karata hazitoshi.”

Nyumbani, Zakayo aliniona nimekaa na kikombe kisichopungua. “Mnapima nini huko siku hizi?” akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuuliza lolote juu ya kazi yangu, na ndiyo siku pekee nisiyotaka aulize.

“Tunahesabu tu.”

“Inaenda?”

“Inaenda,” nikasema, nikainuka kuosha kikombe kikiwa bado na chai.

Dogo nilimkuta nikiwa simtafuti. Mwanafunzi wa uuguzi alitaka kitu kipya juu ya wasiwasi wa wafanyakazi, nikamtolea jarida lililotoka ng'ambo wiki ile, na kwa mazoea nikafungua nyuma, penye orodha ya vitabu alivyotumia mwandishi. Macho yalishuka yenyewe hadi herufi D. Palikuwa na Dogo, B., na mbele yake neno Mawazo, na mbele zaidi Nairobi.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaenda kwenye faharasa bila kumuaga yule mwanafunzi. Muda wote ule nilikuwa nimekaa kwenye N. Nilifungua D, nikaweka rula, nikaiteremsha, nikaendelea kuiteremsha. Dogo B. alikuwa ametajwa India. Alikuwa ametajwa Brazili na Ufini na mahali ambapo ilibidi nipatafute kwenye ramani. Dogo B. alikuwa mtu mashuhuri.

“Mzee,” nikaita, “njoo uone baba mdogo.”

Mzee Mbuthia aliinama na miwani yake, akasoma, akaivua, akaisoma safu tena bila miwani kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. “Lakini huyu ni mtaa,” akasema.

“Ni mtaa.”

“Mtaa umetajwa kuliko mkuu wa chuo.”

Alicheka mpaka lile sweta likatikisika. Mtu wa mbali alikuwa ameishika ile ripoti ya Daktari Nafula, akaona juu ya jalada Baba Dogo, akafanya kama walivyofundishwa kwao: la mwisho likawa la ukoo, la kwanza likabaki herufi. Wengine wakamnakili. Kwa kanuni zao hawakukosea hata nukta.

Mzee aliponyamaza, uso wake ulibadilika. “Utathibitisha vipi? Ukienda ukasema na huyu pia ni yeye, watakuuliza kwa nini yule wa kupe umemwacha. Watasema unaokota kila jina lililoanguka.”

Nilimpigia simu Daktari Nafula, akaja siku hiyo hiyo. Nakala za ripoti zilikuwa zimekwisha, zote alizigawa. Nikamuuliza jina lake lilikuwa wapi juu ya jalada.

“Halikuwa juu. Lilikuwa ndani.”

“Ndani wapi, Daktari?”

“Kwenye ukurasa wa shukrani.”

“Mtu hujishukuru?”

“Nilijitaja mwisho,” akasema, akitazama vidole vyake, “pamoja na aliyepiga taipu.”

Ikabidi anieleze. Alipowasomea wanawake wa Baba Dogo maneno yao kabla ya kuchapa, walimkatalia jina lake kuwa juu. Maneno ni yetu, walisema, ukiandika jina lako itaonekana ni wewe uliyelia. Majina yao wenyewe hawakutaka, waliwaogopa wasimamizi wa viwandani. Ndipo mmoja akasema, andika Baba Dogo, sisi wote tunakaa Baba Dogo. Akaandika, kwa herufi kubwa, mahali ambapo vitabu vyote huweka jina la mwandishi.

Niliwaandikia wale waliomtaja Dogo ambao anwani zao zilikuwa kwenye majarida. Nikawaomba nakala ya jalada na ukurasa waliotumia. Wachache walikuwa na faksi, waliobaki tuliwaachia posta. Ninyi hamjui kungoja kwa namna ile. Kila asubuhi nilipita ofisi ya karani nikijifanya nimekuja kuuliza habari za bahasha. Muhula ulikuwa ukiisha, na mimi nilikuwa nahesabu watafiti wenye vyumba vingine waliokwisha kuambiwa wafunge: kwanza wa lugha, kisha wa mimea.

Jibu lililotangulia lilitoka kwa profesa mmoja wa nchi ya baridi. Alikuwa mtu mwema. Alituma fotokopi ya jalada, safi, na kurasa zote nilizoomba. Lakini alianza kwa kusema amefurahi mno kusikia habari za Daktari Dogo, kwamba amemheshimu kwa miaka, na kama Daktari Dogo atapenda kuja kuhutubia mkutano wao, watamlipia nauli. Shahidi wangu pekee alikuwa ameapa kwamba Dogo ni mtu.

“Haya,” akasema Mzee Mbuthia, “Dogo ameshapata mwaliko. Bado viza.”

Nilidhani hofu yangu imefika mwisho wake. Daktari Nafula alikuja, akatazama lile jalada muda mrefu, kisha akasema, “Mama Sharon, siwezi kusema Dogo ni mimi.”

“Kamati inakaa wiki ijayo, Daktari.”

“Niliwaahidi. Nikilichukua sasa kwa sababu limekuwa kubwa, nitakuwa mtu gani?”

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Sauti iliyonitoka haikuwa ya maktaba. “Daktari, mimi sina Jumatano nyingine ya kumpeleka Zakayo.”

Watu waligeuka. Daktari Nafula alivuta kiti, akavua viatu, akaniacha nimalize kulia. Kisha akasema, “Basi twende tukawaulize wenyewe.”

Tulienda Jumamosi. Chumba kilikuwa na mabenchi mawili na dirisha moja, na harufu ya rangi kutoka kiwandani iliingia hata likiwa limefungwa. Wanawake walikuwa wamejaa, wengine na watoto mgongoni. Aliyeongoza mazungumzo, bila mtu kumchagua, alikuwa Mama Akinyi, mpakiaji wa sabuni mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Daktari akawaeleza habari za Dogo, hadi za yule profesa wa baridi.

“Ati huko majuu wanadhani Baba Dogo ni mwanaume?” Mama Akinyi akauliza.

“Ndio.”

“Daktari mzima?”

“Mzima.”

“Ako na bibi?”

“Kama ako na bibi,” mwingine akadakia kutoka nyuma, “huyo bibi ako na mawazo!”

Benchi lilitaka kuvunjika. Daktari Nafula alingoja kicheko kiishe, halafu akawaambia upande wa pili: kamati, hesabu, chumba. Akawaambia kwamba ili kihesabiwe ni lazima asimame aseme jina lile ni lake, na kwamba wao wakikataa hatasema. Nilisikia mashine za upande wa pili wa ukuta. Nilijizuia nisiseme kitu, na sijui kama nimewahi kujizuia vile tena.

“Daktari,” Mama Akinyi akasema, “ile siku tulikukatalia, tulikuwa tunakuogopa. Hatukuwa tunakujua. Sa hii tunakujua. Chukua jina.”

“Na maneno yetu je?” Aliyeuliza alikuwa Nyambura, msichana wa kiwanda cha nguo, mkono wake ungali umeshika sindano aliyosahau kuiacha kazini. “Si tulisema ni yetu?”

“Maneno yalishaenda Brazili, Nyambura. Utayarudisha na nini? Mimi nataka huu mlango ukae wazi.”

“Hata mimi. Lakini asiseme ni yeye peke yake. Aseme ni yeye na sisi.”

Mama Akinyi alimtazama, akamtazama Daktari. “Umesikia huyo mtoto? Ni hivyo. Wewe na sisi. Ukisema ingine tutajua, huyu mama wa maktaba atatuambia.”

Hivyo nikaingia kwenye kamati nikiwa nimebeba kadi za chuo na ujumbe wa Baba Dogo. Nilipanga mafungu matatu mezani: la Nafula wetu, jembamba, la Nafula wa kupe, ambalo nililileta ili waone nililoliacha, na la Dogo. Fungu la tatu liliniporomoka, nikalipanga upya huku wananitazama.

Mwenyekiti alikuwa profesa mwembamba wa uhandisi, mtu wa haki, na ndiyo maana nilimwogopa. “Bi. Truphosa,” akasema, akinitaja kwa jina la kwenye faili yangu, “kanuni inasema jina la mtafiti. Hili si jina lake.”

Nikaeleza habari za jalada. Daktari Swaleh, mwanahisabati kutoka Mombasa, akaangua kicheko. “Baba mdogo! Kwetu pwani baba mdogo ni ami. Angeandika huko wangemwita Ami, A.”

Mwenyekiti hakucheka. “Nikikubali mtaa leo,” akasema, “kesho mtu ataniletea Kariokor aniambie ni yeye.”

Lilikuwa swali zuri, na ndilo lililokuwa likinitesa mimi mwenyewe. Nikamwonyesha kurasa. Karibu kila aliyemtaja Dogo alimtaja kwa sababu ya swali moja, “Una mawazo?”, na jinsi ya kuliuliza. Swali hilo, kwa maneno yale yale, Daktari Nafula alikuwa amelichapa kabla ya ripoti, kwa jina lake, katika jarida dogo la chuo chetu ambalo halikuwahi kuvuka mpaka. Mwenyekiti aliziweka karatasi mbili sambamba, akasoma kidole kikiwa chini ya mstari, akarudi mwanzo akasoma tena. Daktari Swaleh alikuwa ameacha kucheka.

Kisha akamgeukia Daktari Nafula. “Mkutubi amemaliza. Swali langu kwako ni moja. Dogo ni wewe?”

Kabla hajajibu niliiona Jumatano bila mahali pa kwenda, Zakayo amekaa na viatu miguuni.

“Ni mimi na wao, Profesa,” akasema. “Mimi niliuliza, wao wakajibu. Jumamosi wameniruhusu nihesabiwe.”

“Wamekuruhusu?”

“Ndio.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele ya mkutubi.”

Wote wakanigeukia. “Ni kweli,” nikasema. “Na hawakumruhusu kirahisi.”

Mwenyekiti alichukua penseli. Nilimpenda kwa hilo, kwamba ilikuwa penseli. Akaandika akisema kila neno kwa sauti, ili karani anakili: kutajwa kwa Nafula, pamoja na kutajwa kwa Baba Dogo, mtaa, ni kwa kazi moja. Chumba kiendelee. Toleo lijalo la ripoti liwe na jina la mtafiti juu ya jalada, na jina la mtaa libaki lilipo. Akafunga faili, akamwita wa kufuata, ambaye alikuwa mtaalamu wa zege na hakuwa na shida yoyote.

Kwenye korido, Mzee Mbuthia alinipa kitambaa chake bila kunitazama, akaniambia nikirudi mezani niandike barua ya kumfahamisha yule profesa wa baridi. “Mwambie polepole,” akasema. “Amefiwa.”

Tangu hapo, vijana wangu, nilipomtafuta mtaalamu wa kwetu sikumtafuta kwa jina tu. Nilitafuta kichwa cha kazi, mahali ilikofanywa, hata neno moja la Kiswahili lililonusurika katika kichwa hicho. Mitambo yenu mipya bado inafanya kosa lile lile, ila kwa kasi zaidi. Nimemwona Dogo mwaka huu. Hajambo.

Siku ile ya kamati nilifika Tena kabla ya jua kutua. Zakayo alikuwa amekaa mlangoni akimenya viazi, kazi aliyopewa na Sharon. Hakuinua macho.

“Wamesemaje?” akauliza. Kumbe alijua yote. Baba Dogo nzima ilijua.

“Wamekubali kwamba Baba Dogo ni mtaa.”

Akasimamisha kisu. “Kwani walidhani ni nini?”

“Mtu. Daktari. Ametajwa dunia nzima. Amealikwa ng'ambo akahutubie.”

Alilifikiria jambo hilo, kiazi kikiwa mkononi, maganda yakining'inia. “Na mimi,” akasema, “Jumatano zote hizi nimekuwa nikiingia kwake bila miadi?”

Kisha akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Zakayo akicheka hufunga jicho moja. Sharon alitoka chumbani mbio, akiwa na daftari lake, kuangalia ni mgeni gani amekuja.